Nani Atakaa na Mtoto? Utangulizi wa Uchumi wa Malezi

Swali zito kuliko mengi katika nyumba yenye mtoto mchanga lina maneno manne: nani atakaa na mtoto? Mama mkwe huliuliza akiwa bado anamkanda mzazi kwa maji ya moto. Mwajiri huliuliza kwa kuzunguka, likizo ya uzazi inapokaribia kwisha. Baba huliuliza akiwa mlangoni, viatu vimo mguuni, asubuhi ambayo dada wa kazi ameaga ghafla kwenda kwao. Wote hutumia kitenzi kilekile, kukaa, kana kwamba atakayebaki atavuta kigoda na kupumzika. Huyo atakayekaa ataosha chupa, atachemsha uji na kuupuliza, atabeba, atabembeleza, atafua nepi, atapokonya kifuniko cha soda kabla hakijaingia mdomoni, na atayarudia yote hayo kabla jua halijafika utosini. Na lugha hiyohiyo iliyotupa neno la kukaa ndiyo yenye methali isemayo kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana.

Uchumi wa malezi, taaluma ninayokukaribisha ndani yake, umejengwa katikati ya kauli hizo mbili. Unauliza: ikiwa kulea ni kazi, basi ni kazi ya saa ngapi, inafanywa na nani, inamgharimu nini, na nani anakula matunda yake bila kulipa? Milango ya kuingilia ni mingi. Nimechagua mmoja, ule ambao wazazi wengi wamekwishaupita wenyewe pasipo kujua kwamba wanafanya uchumi: kukokotoa kama inafaa kurudi kazini kwa nusu siku wakati mtoto angali mdogo, au kubaki nyumbani, au kurudi kwa siku nzima na kumlipa mtu wa kumwangalia. Nami niliikokotoa hesabu hiyo usiku mmoja, kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la mahudhurio ya wanafunzi wangu, binti yangu akiwa na miezi minne. Kujumlisha nilijumlisha sawasawa. Watu niliowaingiza kwenye hesabu ndio waliokuwa pungufu, na ilinichukua miaka ya kusoma kugundua upungufu huo.

Kwanza tukubaliane maneno. "Kazi ya muda" kwa Kiswahili cha ofisini ni kazi isiyo ya kudumu, ya mkataba mfupi, hata kama inakula siku nzima. Tunachozungumzia hapa ni kazi ya saa pungufu, ambayo mjini huitwa pati taimu na ambayo nitaiita kazi ya nusu siku. Tofauti hii si ya wanaisimu peke yao. Mama mwenye mtoto wa mwaka mmoja anaweza kuwa na ajira ya kudumu ya nusu siku, au kibarua cha siku nzima kisicho na uhakika wa kesho, na mizani ya kila moja inapima mzigo mwingine. Neno la pili ni mlezi. Katika taaluma hii ni yeyote ambaye kwa saa fulani mtoto yuko mikononi mwake: mama, baba, bibi, dada wa kazi, mwalimu wa kituo cha kulelea watoto mchana, au dada mkubwa wa miaka 10 ambaye siku hiyo hakwenda shule.

Sasa tuchukue kalamu. Mshahara na ada nitakazotaja ni za mfano wangu mwenyewe. Makato ni ya Tanzania Bara. Mama analipwa shilingi 600,000 kwa mwezi kwa kazi ya siku nzima. Asilimia 10, yaani 60,000, inakwenda kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii. Zinazobaki ni 540,000, na kodi ya mshahara kwa kiasi hicho ni 24,000, hivyo mkononi anapokea 516,000. Kituo cha watoto cha mtaani kwao kinatoza 150,000 kwa mwezi. Daladala mbili za kwenda na mbili za kurudi, kwa nauli ya 600 kila moja, ni 2,400 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi ni 52,800. Sahani ya mchana kwa mama lishe tuseme 2,500, kwa mwezi 55,000. Ukitoa vyote hivyo, mama anabakiwa na 258,200.

Mwajiri sasa anakubali nusu siku kwa nusu ya mshahara. Katika 300,000, mchango wa mfuko ni 30,000, na 270,000 zinazobaki zimegusa ukingo wa kipato kisichotozwa kodi, kwa hiyo hakatwi hata shilingi. Mpaka hapa nusu siku inaonekana kumpendelea. Lakini mwenye kituo hulipa pango na mishahara ya walezi wake iwe mtoto huyu anachukuliwa saa 7 mchana au saa 11 jioni. Akipunguza ada hadi 130,000 amefanya uungwana. Nauli haipungui, maana daladala haina bei ya aliyefanya kazi nusu. Chakula cha mchana mama atakula nyumbani, na hicho ndicho anachookoa. Kinachobaki ni 87,200. Amepunguza saa za ofisini kwa nusu, na kilichobaki mfukoni kimeshuka hadi theluthi.

Tuendelee kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye nyama. Tuseme safari yake humla saa 3 kwa siku, jambo la kawaida kwa anayetoka Mbagala au Kimara kwenda katikati ya jiji la Dar es Salaam. Anayefanya kazi siku nzima yuko nje ya nyumba saa 242 kwa mwezi, na kila saa inamwachia takriban shilingi 1,070. Wa nusu siku yuko nje saa 154, na kila saa inamwachia 570 hivi. Akipata mtoto wa pili naye aende kituoni kwa ada ileile, wa siku nzima anabakiwa na 108,200. Wa nusu siku anadaiwa: hasi 42,800 kila mwezi. Wazazi wengi wakifika kwenye mstari huu huweka kalamu chini na kusema hailipi, mama abaki nyumbani.

Hesabu hiyo ni sahihi, na bado haijakamilika. Kinachoifanya nusu siku iumize ni kwamba kazi huuzwa kwa vipande na malezi hununuliwa kwa mkupuo. Dada wa kazi anayelala nyumbani hawezi kuajiriwa nusu: atakula, atalala na ataugua kama mtu mzima. Kituo hakina nusu ya chumba. Nauli haina nusu ya safari. Matokeo yake, kazi ya nusu siku humfaa zaidi mzazi ambaye mlezi wake yuko karibu na halipwi, kwa kawaida bibi wa mtoto aishiye ua mmoja nao, na humfaa kidogo mno yule anayenunua kila saa ya malezi sokoni. Ukimsikia mtu akisifu kazi ya nusu siku kuwa ndiyo suluhisho la mama mwenye mtoto mdogo, muulize kwa upole nani anakaa na watoto wake.

Wenzetu wa Uholanzi, ambako zaidi ya nusu ya wanawake walioajiriwa hufanya kazi za saa pungufu, walilikabili tatizo la mkupuo kwa ruzuku ya serikali inayokokotolewa kwa kila saa ya malezi. Wazo zuri. Utekelezaji wake ulizaa dhuluma: maelfu ya wazazi walituhumiwa udanganyifu kimakosa na kudaiwa warudishe fedha wasizokuwa nazo, wengi wao wakiwa wenye asili ya kigeni, na Januari 2021 serikali nzima ya Waziri Mkuu Mark Rutte ikajiuzulu kwa sababu hiyo. Nautaja mkasa huu ili mapema ujue kwamba katika taaluma yetu fomu ya maombi ina uzito sawa na kiasi cha ruzuku.

Turudi kwenye daftari. Mbona ada ya kituo tumeitoa kwenye mshahara wa mama? Hakuna aliyetuambia tufanye hivyo. Mkono umekwenda wenyewe. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inaweka wajibu wa kumtunza mtoto kwa wazazi wote wawili. Baba akiwa na mshahara uleule wa 600,000 na ada ya 130,000 ikagawanywa, mama wa nusu siku anabakiwa na 152,200, na mazungumzo ya jioni yanabadilika sura. Mchumi mwenzangu atanisahihisha hapa, na ana haki: kugawanya ada hakuongezi hata senti kwenye kapu la nyumba, kwani kazi ya mama ingali inaiongezea familia 87,200 tu. Ni kweli. Lakini tumefika kwenye jibu hilo kwa sababu tumeichukua kazi ya baba kuwa ni nguzo isiyosogezwa, kisha tukauliza kama ya mama inalipa juu yake. Jaribu kuanza na ya mama ndipo uulize kama ya baba inalipa. Tarakimu ni zilezile. Au wape wote wawili nusu siku, mmoja asubuhi na mwingine alasiri: ada inakuwa sifuri. Waajiri wachache wataruhusu, najua. Hata hivyo mwanafunzi wa taaluma hii hana budi kuzoea kuisogeza kila nguzo kabla hajakubali kwamba haisogei.

Kuna pia fedha ambazo hazikuonekana kwenye daftari langu usiku ule. Mama wa nusu siku anakatwa 30,000 za mfuko na mwajiri anaongeza nyingine 30,000. Jumla ni 60,000 kila mwezi zinazokwenda kwenye uzee wake, kando ya zile 87,200 anazoziona. Pensheni ya uzee hudai michango ya miezi 180, na miezi ya kukaa nyumbani haihesabiwi. Akiacha kazi miaka minne amepoteza miezi 48, na pamoja nayo uzoefu, majina ya watu waliomfahamu kazini, na nafasi ya kupandishwa cheo. Hesabu ya mwezi mmoja huona ada ya kituo kama tundu kwenye kapu. Hesabu ya miaka 20 huiona kama mbegu ghali. Sisemi kwamba kila mzazi arudi kazini. Wapo ambao miaka minne na mtoto ni fedha waliyoitumia vizuri kuliko zote, nami nawaheshimu. Ninachotaka ni kwamba anayechagua awe ameuona mwezi huu na uzee wake kwa pamoja.

Taaluma hii ina mizizi karibu na kwetu kuliko vitabu vingi vya kiada vinavyokiri. Katika miaka ya 1940 mwanauchumi kijana wa Kiingereza, Phyllis Deane, alipewa kazi ya kupima pato la makoloni ya Afrika ya Kati, nchi ambazo leo ni Zambia na Malawi. Aliona kwamba kuacha nje kazi ya wanawake ya kutafuta kuni na kupika chakula kungetoa picha ya uongo ya uchumi wa vijiji, na akaandika hivyo. Mfumo wa kimataifa wa hesabu za taifa uliotolewa na Umoja wa Mataifa mwaka 1953 ukaziacha nje huduma za nyumbani. Kabla yake, mwaka 1934, Margaret Reid alikuwa amekwishatunga kipimo rahisi: kazi ambayo ungeweza kumlipa mtu mwingine akufanyie ni uzalishaji, hata ukiifanya bure. Jacob Mincer mwaka 1962 na Gary Becker mwaka 1965 waliingiza wakati wa nyumbani kwenye hesabu za wanauchumi, na mwaka 1974 James Heckman akachunguza jinsi gharama za malezi zinavyoathiri uamuzi wa mama kufanya kazi. Marilyn Waring wa New Zealand, aliyekuwa mbunge, aliwatikisa watakwimu wote kwa kitabu chake cha mwaka 1988. Ilipofika 2013 watakwimu wa kazi wa dunia walikubaliana rasmi kwamba huduma zisizolipwa ndani ya nyumba ni kazi. Claudia Goldin, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2023, ameeleza kitu ambacho mama wa mfano wetu anakijua kwa mwili wake: zipo kazi zinazolipa maradufu wale walio tayari kuitwa saa yoyote, na mzazi anayetaka saa za kujulikana huadhibiwa kuliko saa alizopunguza.

Wengi wa waliotajwa hapo juu walikuwa na picha ya mke wa mjini mwenye mwajiri na hati ya mshahara. Wanawake wengi wa Afrika Mashariki hawana mwajiri wa kumwomba nusu siku. Nusu siku yao wameitengeneza wenyewe: genge la mbele ya nyumba, vitumbua vya alfajiri, cherehani sebuleni, kusuka nywele chini ya mwembe. Ada ya malezi hawalipi kwa noti. Wanailipa kwa wateja waliokwenda genge la pili mtoto alipokuwa analia, na kwa unga walioshindwa kuununua sokoni Kariakoo kwa bei ya jumla kwa sababu mgongoni yuko mtu. Gharama hii haina risiti, na kwa muda mrefu ilidhaniwa haipo.

Utafiti mmoja uliifanya ionekane, nami huwapa wanafunzi wangu wausome kabla ya kingine chochote. Ulifanyika Korogocho, Nairobi, na watafiti Shelley Clark, Caroline Kabiru, Sonia Laszlo na Stella Muthuri, na ulichapishwa mwaka 2019. Baadhi ya mama walichaguliwa kwa bahati nasibu wakapewa hati za kupunguziwa ada ya vituo vya watoto, wengine hawakupewa, kisha makundi yote mawili yakafuatiliwa. Waliopewa hati walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na kazi, kwa tofauti ya pointi 8.5 za asilimia, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilikuwa kwa mama wenye waume. Mama wanaolea peke yao hawakuongeza ajira kwa kiasi cha kutajwa. Ukiishia hapo utasema hati hazikuwasaidia. Endelea kusoma: mama hao walihamia kazi za saa chache zaidi bila kipato chao kupungua kwa kiasi cha maana.

Nilipousoma mara ya kwanza nililazimika kurudi nyuma na kusoma tena. Mama anayelea peke yake Korogocho alikuwa anafanya kazi tangu awali, kwa sababu asipofanya kazi watoto hawali. Alichokikosa ni uhuru wa kuchagua ipi. Mwenye mtoto begani huchukua kazi inayomruhusu kuwa na mtoto begani, hata kama ni ya saa nyingi na malipo haba. Kituo kilipompokea mtoto, mama aliweza kuchukua kazi zenye kuanza na kwisha. Kwake yeye nusu siku ilikuwa faida aliyoipata baada ya malezi kulipiwa. Kwa mama wa ofisini wa mfano wetu, nusu siku ilikuwa njia ya kukwepa ada, na ikamshinda. Wasimamizi wa jiji na wizara wanapopanga vituo wakifikiria tu ni wanawake wangapi wapya wataingia kazini, watapima vibaya na kuwaacha nje mama ambao tayari wamechoka.

Burkina Faso nako kulifanyika jaribio lenye kufungua macho. Vituo vya kuhamahama vya kulelea watoto vilipelekwa palepale penye kazi za umma, na takriban mama 1 kati ya 4 waliopewa nafasi alikitumia kituo. Ajira na fedha za mama ziliboreka, na makuzi ya watoto pia. Wengine watatu kati ya wanne hawakukitumia, na hapo pana somo zima la imani: mtoto haachwi kwa mtu usiyemjua kwa kuwa tu ni bure.

Sasa niseme habari ya mtu aliyekosekana kwenye daftari langu. Usiku ule niliandika "dada" na tarakimu mbele yake. Alikuwa binti wa miaka 19, na kijijini kwao, kama nilivyokuja kujua baadaye, alikuwa amemwacha mtoto wake wa miaka miwili kwa bibi yake. Hesabu yangu ilikaa sawa kwa sababu mshahara wake ulikuwa mdogo. Amri ya kima cha chini cha mshahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mtumishi wa nyumbani wa kawaida anayelala kwa mwajiri, na 120,000 kwa asiyelala. Tofauti hiyo, kwa ajili ya chakula na malazi, inaeleweka kwa mwajiri. Kwa mlezi maana yake ni kwamba yuko kazini tangu mtoto anapolia alfajiri mpaka anapolala, na amri hiyo ilimwekea nusu ya anayekwenda kwake jioni. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 189, wa mwaka 2011, unadai watumishi wa nyumbani wawe na saa zao za kupumzika kama wafanyakazi wengine. Ukiingiza saa za dada kwenye hesabu kwa bei ya haki, nyumba nyingi za tabaka la kati zitaona kwamba kile walichokiita faida ya kufanya kazi kilikuwa sehemu ya ujira wa mtu mwingine.

Mwanasosholojia Arlie Hochschild aliuita mfuatano huu mnyororo wa malezi, na mnyororo wetu ni mrefu. Mwanamke wa Tanga au Mombasa analea watoto wa familia ya Muscat au Riyadh. Watoto wake wako kwa mama yake. Mama yake anasaidiwa na mjukuu mkubwa wa kike. Fedha hutumwa kwenda chini ya mnyororo kila mwezi, na zamu ya kulea nayo huteremka mpaka imfikie asiyelipwa kabisa. Mimi nadhani hiki ndicho kiini cha taaluma hii, ingawa wapo wenzangu wanaoanzia kwenye kodi na ruzuku.

Kuhusu mtoto mwenyewe nitasema machache, kwa kuwa fani ya makuzi ina utangulizi wake. Jimbo la Quebec, Kanada, lilianza mwaka 1997 kutoza dola 5 tu kwa siku kwa malezi ya watoto, na mama wengi wakaingia kazini. Michael Baker, Jonathan Gruber na Kevin Milligan walipopima mwaka 2008 waliona tabia na afya ya baadhi ya watoto zimezorota, na mjadala haujatulia tangu hapo. Ninavyousoma mimi, nafasi ziliongezeka kwa kasi ambayo ubora haukuiweza. Kwetu hatari ni hiyohiyo: chumba kimoja, mlezi mmoja, watoto 20 wamelazwa kwenye mkeka wanyamaze. Tanzania ilizindua Desemba 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, na imeyataja malezi yenye mwitikio kuwa nguzo mojawapo. Mlezi mwenye kuitikia anahitaji watoto wachache, na watoto wachache huongeza ada. Hakuna njia ya kulikwepa hilo bila fedha za umma.

Sheria inatoa nini kwa sasa? Mama aliyeajiriwa Tanzania Bara ana likizo ya siku 84 yenye malipo, siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja, na baba siku 3. Likizo inaweza kuanza wiki nne kabla ya kujifungua, kwa hiyo mtoto anaweza kuwa na wiki nane tu mama anaporudi. Akirudi, mwajiri anatakiwa kumruhusu hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha, haki ambayo kwa mwenye mtoto aliye mwendo wa daladala mbili hubaki maandishi, na ambayo ingekuwa na uhai mpya kama kituo kingekuwa jengo la pili kutoka ofisini. Baada ya hapo ni kimya mpaka darasa la awali. Miaka kama minne ya kimya, na ndani yake ndimo kila mama, kila bibi na kila dada wa kazi anamojifanyia mipango.

Ukitaka kuanza kazi nasi, huhitaji kompyuta. Chukua karatasi, igawe katika saa 24, nenda kwa mwanamke mwenye mtoto mdogo umwombe akusimulie jana. Utafiti wa matumizi ya wakati uliofanywa Kenya mwaka 2021 ulionyesha kwamba wanawake hutumia karibu mara tano ya wakati wa wanaume katika kazi za nyumbani na malezi yasiyolipwa, na tofauti hiyo imetoka kwenye karatasi kama hiyo, moja baada ya nyingine. Atakuambia aliamka saa 11, akachota maji, akapika, akafagia, akapeleka biashara barazani. Ukifika saa 8 mchana atasema, hapo nilikuwa nimekaa tu. Usiandike bado. Muulize mtoto alikuwa wapi. Atafikiri, atacheka kidogo, aseme, si nilikuwa naye, na ukimpa nafasi ataanza kukusimulia siku yake upya tangu alfajiri.